Waswasi na Huzuni kwa Vijana Wetu: Jawabu la Suali la Mzazi

 

Katika darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha ilisomwa karatasi iliyoletwa na mzazi mmoja wa mji huu, nayo yasema hivi: "Shekhe, mwanangu ana miaka 16. Akiingia kutawadha hukaa ndani hata wakati wa sala ukapita, na akitoka hurudi tena. Nimemkanya, nimemfungia maji, nimempiga. Sasa hali chakula, hasemi na mtu, na mamake amemsikia akisema kuwa lau angalikufa angalipumzika. Je, huyu ana wazimu, au ana shetani, au ni utundu tu?"

Jawabu letu kwa ufupi ni kwamba huyu kijana hana wazimu, wala si mtundu, wala hapana haja ya kumtafutia shetani wa kumpunga. Ni mgonjwa. Maradhi yake yametajwa katika vitabu vya wanavyuoni wetu tangu zaidi ya miaka 1000, na yana dawa. Ama lile neno la mwisho alilolisikia mamake, hilo halikungojea kupigwa chapa. Tulimwendea mzazi huyo nyumbani kwake usiku ule ule, na tutaeleza mbele tulimwambia nini. Hapa twataka kuwaelezea wasomaji wote, kwani tulipouliza baada ya darsa nani mwingine ana jambo kama hili nyumbani kwake, walibaki nyuma watu watano.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi aliyekuja kwangu naye ni mtoto wa miaka 14. Ninamhadithia kwa idhini yake na idhini ya babake, na nimeyaacha yale ambayo yangemfanya ajulikane. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi, amekwisha kuikhitimu Safina, na nguzo sita za udhu akizitaja kama mtu atajaye majina ya ndugu zake. Siku moja baada ya darsa alinijia akaniuliza, "Maalim, nikishuku kuwa maji hayakufika kwenye kisigino, nirudie?" Nikamwambia arudie, ndiyo salama zaidi. Nalikuwa na haraka, na suali lilikuwa jepesi. Mungu anisamehe jawabu lile.

Kesho yake alirudi kuuliza khabari ya kiwiko. Kisha khabari ya nia, ilikuwa pamoja na maji ya kwanza ya uso au iliitangulia. Kisha akashuku kama tone la maji ya chooni limemrukia kanzuni. Baada ya miezi sita alikuwa akiniuliza mara kumi kwa siku, nami kila mara nikimjibu, naye kila mara akiondoka ametulia kwa muda wa kutoka mlangoni mwangu mpaka mlangoni kwao. Nyumbani udhu mmoja ulimaliza madumu mawili ya maji ya mkokoteni, yale ya lita 20, na nduguze wamepanga foleni nje wakigonga mlango. Ngozi ya baina ya vidole vyake ilipasuka. Akisimama kusali alikuwa akikata takbiri katikati na kuianza upya, hata imamu akafika rakaa ya pili naye hajaingia katika sala.

La hatari zaidi hakulisema kwa mtu. Alipokuwa akisujudu alikuwa akijiwa na maneno machafu juu ya Mwenyezi Mungu, maneno ambayo yeye mwenyewe akiyachukia kuliko moto. Akadhani amekwisha kukufuru. Akawa asema istighfari mara 33 kwa kila wazo, na akikosea hesabu aanza tena. Mwisho aliacha kusali, si kwa kuidharau sala bali kwa kuiogopa. Aliacha na skuli. Akalala mchana, akakesha usiku, akakonda. Watu wakasema kijana ameharibika.

Na sisi tuliofaa kumsaidia tulifanya nini? Mimi nilikuwa nikimjibu masuali yake. Babake alimpiga. Mjomba wake akampeleka kwa mganga, naye akasema ana ruhani anayetaka mbuzi na nguo nyeupe, akafungiwa chumbani siku saba kwa mafusho. Zilikwenda fedha ambazo nyumba ile haikuwa nazo, na kijana akatoka na jambo jipya la kushuku, kuwa ndani yake yumo mwingine. Sisi hatukatai kumsomea mgonjwa Qur'ani, hiyo ni Sunna. Tunalolikataa ni biashara hii ya kuwauzia wazazi jina la pepo kwa kila wasilolijua.

Sasa natutazame wanavyuoni wamesema nini. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), alisema kuwa waswasi katika nia ya sala hutoka katika moja ya mambo mawili: ama ni ujinga wa sharia, ama ni upungufu uliopatikana katika akili. Basi litieni maanani neno hili, kwani ndani yake mna ufunguo. Mwenye waswasi kwa ujinga hutibiwa kwa darsa moja. Ukimfundisha kuwa yakini haiondolewi na shakka, hushukuru akenda zake. Mwanafunzi wangu alikuwa akiijua kanuni hiyo, naye akiwafundisha wadogo zake, na haikumfaa kitu. Huyo ni wa mlango wa pili, na wa mlango wa pili hatibiwi kwa kuongezewa darsa. Hili ndilo nililokuwa silioni.

Mapema kuliko Ghazali alikuwako Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 322 wa Hijra (934). Huyu aliandika kitabu juu ya maslaha ya miili na ya nafsi, na ndani yake akaweka mlango mzima wa waswasi, mawazo mabaya yanayomjia mtu bila ya kuyataka na yakamshughulisha asiweze kufanya jambo jingine. Akaeleza pia kuwa huzuni ni namna mbili: ile yenye sababu inayojulikana, kama kufiwa au kupotelewa na mali, na ile isiyo na sababu mwenyewe anayoijua, ambayo asili yake ni katika mwili. Alisema hayo zaidi ya miaka 1000 kabla ya hospitali tulizo nazo. Kitabu hiki kilikaa katika hati za mkono za maktaba ya Ayasofya, Istanbul, na miongoni mwa waliokitangaza katika zama zetu ni Malik Badri, mtaalamu wa elimu ya nafsi kutoka Sudan, aliyefariki mwaka 2021.

Na kwa sisi wa madhehebu ya Shafi, Ibn Hajar al-Haytami, aliyekufa mwaka 974 wa Hijra, aliulizwa kama waswasi una dawa. Akajibu kuwa dawa yake yenye kufaa ni kuupuuza kabisa, hata kama nafsi imo katika kusitasita. Kwani mwenye kuupuuza hautakaa, na mwenye kuusikiliza na kuufuata utamzidi hata umtoe katika akili. Watu wa tiba leo wakieleza matibabu yao hawendi mbali na hapo, ila wao wamejua namna ya kumfikisha mgonjwa kwenye kupuuza huko hatua kwa hatua, kwa sababu kumwambia tu "puuza" ni kama kumwambia mwenye homa "poa".

Maradhi haya huitwa na madakitari kwa herufi tatu, O.C.D., na mzazi akienda hospitali azitaje herufi hizo. Si maradhi ya Waislamu peke yao. Huwapata Wakristo katika kuungama kwao na Mayahudi katika chakula chao, na wasio na dini huwapata katika kufuli za milango na jiko la gesi. Kwa kadiri, katika watu 100 huwapata mmoja mpaka watatu, na wengi huanza kabla ya kutimia miaka 20. Huonekana zaidi katika nyumba ambayo mtu wake mwingine amepata kuwa nayo. Huchagua kile ambacho moyo wa mtu unakipenda na kukikhofia, kisha hukalia hapo. Ndiyo maana kwa kijana mchamungu hukaa katika tohara na sala. Basi asiseme mtu kuwa ni uchache wa imani.

Mwendo wake ni huu. Huja wazo, na wazo huleta khofu. Mgonjwa hufanya jambo la kuiondoa khofu, kama kurudia kuosha, au kuuliza, au kuhesabu. Khofu hupungua kidogo, na nafsi hujifunza kuwa kilichomwokoa ni kule kurudia. Basi wazo lijapo mara ya pili hudai kurudia zaidi. Majibu yangu kwa yule kijana yalikuwa kama maji ya bahari kwa mwenye kiu. Kila mzazi anayejibu "ndiyo mwanangu, umetahirika" mara ya 20 kwa siku anadhani anamhurumia, naye anaulisha ugonjwa.

Matibabu yake ni kuukata mwendo huo katika kiungo cha kurudia. Mgonjwa hukabili kile anachokikhofu, kidogo kidogo, kisha hujizuia asifanye lile la kuondoa khofu, hata khofu ishuke yenyewe. Nayo hushuka. Mtu wa kwanza kuandika juu ya matibabu ya namna hii alikuwa Victor Meyer, mjini London, mwaka 1966, na tangu hapo yamejaribiwa katika nchi nyingi yakaonekana kufaa.

Kijana wetu alipelekwa mwisho kwenye kliniki ya akili ya hospitali ya serikali, baada ya mamake kukaa mlangoni kwangu akilia. Babake alikataa siku nyingi, kwani watu wetu wakisikia "dakitari wa akili" hukumbuka Mathari ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1910 kwa jina la nyumba ya wenda wazimu, na jina hilo mpaka leo ni tusi vinywani mwetu. Dakitari tuliyemkuta hakuwa Mwislamu. Baada ya kumsikiliza kijana alinigeukia mimi akaniuliza, "Shekhe, dini yenu yadai nini hasa katika kujitahirisha, kwa uchache wake?" Nikastaajabu, kwani katika miaka yangu yote ya kufundisha hapana Mwislamu aliyepata kuniuliza suali hilo kwa namna hiyo. Nikamwambia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo ni nusu lita na zaidi kidogo, na kwamba kuosha mara moja kwatosha, tatu ni Sunna, na mwenye kupita tatu amedhulumu. Nikamwambia pia kuwa mwenye kusali akihisi kitu tumboni asitoke katika sala mpaka asikie sauti au apate harufu. Akaandika yote. Akasema, "Basi haya ndiyo matibabu, sina haja ya kumwamuru kijana avunje dini yake."

Tukapanga. Juma la kwanza, udhu kwa kopo la lita mbili. La pili, lita moja. Halafu kopo la mudi, mara moja tu, wala harudi hata moyo ukimpigia kelele. Takbiri moja, ikitoka ulimini imetoka. Mawazo machafu yakija katika sijida aendelee na sala yake, asiyajibu wala asiyahesabie istighfari. Katika hili nilimkumbusha kuwa masahaba walimlalamikia Mtume kwamba hupata nyoyoni mwao mambo wasiyothubutu kuyatamka, naye akawaambia kuwa kule kuyachukia ni imani iliyo wazi. Na kwamba umma huu umesamehewa yale ambayo nafsi hunong'ona, maadamu mtu hakuyasema wala kuyatenda.

Nikakosea tena. Nilimwambia, "Rudia usirudie, mimi nabeba jukumu la sala zako mbele ya Mungu." Akafurahi mno, na dakitari aliposikia akanikataza kwa upole. Alisema hiyo nayo ni sindano ya kutuliza, na kesho ataitaka tena. Kijana hana budi ajifunze kusali pamoja na shakka yake, kama wasalivyo watu wote. Tangu siku hiyo akiniuliza suali nililokwisha kulijibu humwambia, "Hilo nalo waswasi, sikujibu." Wallahi si jambo jepesi kumtazama mtoto akitetemeka nawe huna ila kunyamaza.

Akaandikiwa na dawa. Hapa wazee wana khofu nyingi, basi tuzitaje. Dawa zinazotumika, kama fluoksetini, si kileo wala hazilevyi, wala hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wake kama ule unga unaowamaliza vijana wa miji yetu. Hazifanyi kazi kwa siku mbili; kwa huzuni hungojewa majuma kadha, na kwa waswasi hata majuma 12. Hazikatwi ghafula kwa kuwa mtu ameona nafuu. Nazo zina hadhari yake. Kwa vijana, majuma ya mwanzo yataka uangalizi wa karibu, na tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru ziandikwe onyo kuwa kwa baadhi ya vijana huenda zikazidisha fikira za kujiua. Kwa hivyo hazinunuliwi dukani kwa shauri la jirani. Ama katika Ramadhani, nyingi katika hizo hunywewa mara moja kwa siku, basi dakitari aulizwe juu ya kuzinywa baada ya futari.

Sasa tuje kwenye huzuni. Waswasi wa muda mrefu huizaa, kwani ni nani atakayekaa miaka miwili akijidhania kafiri na najisi asivunjike moyo? Lakini yapo maradhi ya huzuni peke yake pia. Kwa kijana huenda isionekane kuwa ni huzuni, bali ni hasira za ovyo, kuacha marafiki, kulala kupita kiasi au kutolala, kukosa ladha ya chakula na ya mchezo alioupenda. Na yakipita majuma mawili mfululizo, hayo si mambo ya utu uzima unaoingia. Msimwambie kuwa aliye na imani hahuzuniki. Nabii Yaakub macho yake yaliingia weupe kwa huzuni, na Mtume wetu alikuwa akiomba kinga ya Mungu kutokana na hamu na huzuni. Na huyo Ghazali tuliyemtaja, mwaka 488 wa Hijra (1095), naye ni mwalimu mkubwa wa Baghdad, ulimi wake ulifungika asiweze kufundisha, chakula kikamkataa, na matabibu wakasema jambo limetoka moyoni likauingia mwili. Ameyaandika mwenyewe bila ya haya.

Ama neno la kufa. Tulipokwenda kwa yule mzazi tulimwambia muulizeni kijana waziwazi, je, umewaza kujiua? Watu hukhofu kuwa kuuliza kutamtia wazo hilo. Si kweli, bali humpa nafasi ya kutua mzigo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, kamba na dawa za panya na vidonge vya nyumbani viondolewe, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Wala msimwanzie kwa hukumu ya mwenye kujiua. Anaijua, na ndiyo inayomkesha. Wengine waliogopa hospitali kwa sababu ya polisi, maana kujaribu kujiua kulikuwa ni kosa la jinai katika sharia za Kenya. Januari 2025 Mahakama Kuu ilihukumu kuwa kifungu hicho, cha 226, kinapingana na Katiba.

Na sisi wenye mimbari tuna sehemu yetu. Twawahutubia watoto khabari ya aliyeadhibiwa kaburini kwa kutojikinga na mkojo, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini ni mara ngapi twawahadithia khabari ya bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume, na Mtume akawazuia watu wasimguse, kisha akaamuru imwagwe ndoo moja ya maji juu yake? Msikiti mzima ulitahirika kwa ndoo moja, na mwanafunzi wangu kisigino chake hakikutahirika kwa madumu mawili.

Kuna na mabinti, ambao waswasi wao huwa katika kutahirika baada ya hedhi, nao hawana wa kumuuliza, huona haya kwa mama na khofu kwa Maalim. Tumewaomba walimu wa kike wa darsa ya Alkhamisi walifundishe jambo hili kwa uwazi, na toleo lijalo ukurasa huu utakuwa wao, Inshallah.

Kijana yule sasa ana miaka 19. Alirudi skuli akiwa nyuma ya wenziwe mwaka mmoja. Shakka humjia bado, khasa akiwa na mitihani, na kopo lake la mudi liko kwao bafuni. Ramadhani iliyopita alisali nasi tarawehe, na baada ya salamu akanijia, akafungua kinywa ili aulize, kisha akakifunga, akanipa mkono, akenda kuvaa viatu vyake.